Siku sita kwa Wadachi wa Pennsylvania

Kwetu Shirati, mkoani Mara, jina la Lancaster, wilaya ya jimbo la Pennsylvania huko Marekani, nililisikia kabla sijajua Dodoma iko upande gani. Ndiko walikotoka wamisionari wa kwanza wa Kimennonite, Waprotestanti wanaokataa vita, kina Elam Stauffer, waliofika kwetu mwaka 1934. Mama yangu alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, na sisi watoto tulijua kwamba mablanketi ya viraka waliyofunikwa wagonjwa yalishonwa na akina mama wa huko. Kwa hiyo kaka yangu anayeishi Philadelphia aliponialika, nilimwambia nitakuja, ila siku sita kati ya hizo ni za Lancaster.

Kulikuwa na jambo jingine. Babu yangu alipozungumzia wakoloni wa kwanza alisema "wakati wa Mdachi". Neno hilo limetokana na Deutsch, jina ambalo Wajerumani hujiita. Na kule Pennsylvania, Waamerika huiita lugha ya Waamishi, wakulima Wakristo wanaoshika maisha ya kale, "Dutch", mgeni akadhani ni Kiholanzi. Siyo. Ni jina lilelile lililotuzalia Mdachi wetu. Wenyewe wanaiita Deitsch, na nilitaka kuisikia kwa masikio yangu.

Nimeyaandika haya kutoka kwenye daftari na picha za simu. Picha zenyewe ni za mashamba na vyakula. Sura za watu hamna, na sababu iko mbele.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024. Philadelphia hadi Lancaster

Tiketi ya treni dola 21, kama shilingi 57,000 za kwetu. Safari ni ya saa moja na dakika kumi hivi, lakini siku hiyo tulisubiri dakika hamsini kituoni bila maelezo. Laini yangu ya simu ilikuwa haishiki mtandao, na wenyeji wangu walikuwa wameshatoka nyumbani kuja kunipokea. Dada mmoja aliyekaa karibu nami akanipa simu yake kabla sijamaliza kuomba. Akasema, ongea taratibu, usihesabu dakika.

Ukishatoka viungani mwa jiji, nusu ya njia haina la kusimulia. Halafu ghafla mashamba yanafunguka, na kwenye mahindi makavu unaona wanyama sita wamefungwa safu moja wakivuta mashine ya kuvunia, mwanamume mwenye kofia ya majani amesimama juu yake. Ni nyumbu wa kufugwa, si wale wa Serengeti.

Waliokuja kunipokea ni wazee wawili, mume na mke, waliofanya kazi Shirati miaka mingi. Mama huyo alikuwa nesi, na mama yangu alifanya kazi chini yake, kwa hiyo hadi leo nyumbani tunamwita Mama Nesi. Mzee wake alikuwa fundi: mapaa, matangi, jenereta. Nilipoteremka tu, Mzee akaniita kwa sauti: "Amosi, nyara!" Nakusalimu, binti yangu. Kijaluo, kwenye stesheni ya Lancaster. Machozi yalinitoka pale pale.

Kiswahili chao ni cha Mara ya miaka ya sabini, safi, na wakitaka kusisitiza wanasema "kweli kabisa" kama wazee wetu wa kanisani. Usiku huo wakaniuliza habari za watu mmoja mmoja. Wengi nililazimika kujibu kwamba wametangulia. Waliniambia pia walivyosherehekea mwaka 1967, Zedekia Kisare alipowekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa letu, wao wakiwa bado vijana huku nyumbani kwao.

Kabla ya kulala nikamuuliza Mzee kama anaongea Deitsch. Akakaa kimya kidogo. "Baba na mama walikiongea," akasema. "Sisi watoto tuliongeleshwa Kiingereza. Walipotaka tusielewe, deni la shamba, ugonjwa wa shangazi, zawadi za Krismasi, walihamia Deitsch. Kiswahili nilijifunza nikiwa na miaka 24, na Kijaluo cha kuombea maji. Lakini Deitsch, nilizaliwa ndani ya nyumba yake nikabaki mlangoni."

Ijumaa, 11 Oktoba. Soko lililofungwa nusu

Asubuhi Mama Nesi alinipikia kitu wanachokiita scrapple, na wazee wa zamani Pannhaas. Nikuambie kinavyopikwa, maana mtu wa ugali atakielewa mara moja: mabaki ya nyama ya nguruwe yanachemshwa mpaka yalegee, unga wa mahindi na wa buckwheat (nafaka nyeusi ya huko) unamiminwa kwenye ule mchuzi, unasongwa mpaka ushike, unalazwa kwenye bati upoe. Kesho yake unakata vipande na kukaanga. Nje kinalia kama ukoko, ndani laini. (Msafiri Mwislamu, uliza kabla ya kula chochote cha asubuhi huku, nguruwe yuko mpaka kwenye maharage.)

Central Market ya mjini iko wazi Jumanne, Ijumaa na Jumamosi tu. Tulifika saa mbili asubuhi, nikakuta meza nyingi za Waamishi zimefunikwa turubai. Mzee akajipiga kipajini: tarehe 11 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Waamishi wa Lancaster hufunga siku hiyo, asubuhi hawali, wanasoma na kusali, kujiandaa na Meza ya Bwana ya majira haya. Mikokoteni hakuna barabarani, maduka kimya. Nilikuwa nimepanga safari nzima kuzunguka siku ya soko. Ukija Oktoba, itazame tarehe hiyo kwanza.

Basi tukaenda kwenye nyumba ya mawe ya mwaka 1719, Hans Herr House, iliyo kongwe kuliko zote wilayani humo. Juu ya mlango kuna jiwe limechongwa herufi CHHR katikati ya 17 na 19, yaani Christian Herr na mwaka wake. Nilipitisha kidole kwenye ile mifereji ya herufi. Watu hawa walikuwa Wamennonite wenye asili ya Uswisi waliopitia eneo la Pfalz, magharibi mwa Ujerumani, wakashuka mto Rhine hadi Rotterdam na kupanda meli za Philadelphia, kwa sababu William Penn aliahidi kwamba kwenye koloni lake hakuna atakayefungwa kwa ajili ya dini. Nyuma yao wakaja maelfu kwa maelfu wa Kilutheri na Kireformed (Waprotestanti wa mkondo wa Calvin) kutoka Pfalz hiyohiyo, wakikimbia vita na uhaba wa ardhi. Kufikia 1790 karibu theluthi ya watu wa Pennsylvania walikuwa na asili ya Kijerumani. Deitsch ilizaliwa hapo: lafudhi za vijiji mbalimbali vya Pfalz na jirani zake zikasagwa pamoja, kisha zikatiwa maneno ya Kiingereza kama chumvi.

Kiingilio tulilipiwa na Mzee. Nilibishana, nikashindwa.

Jumamosi, 12 Oktoba. Jikoni kwa jirani

Siku hii ndiyo niliyoijia.

Jirani wa wazee wangu, mwendo wa dakika kumi kwa gari upande wa New Holland, ni familia ya Waamishi. Mzee huwaendesha hospitalini wakiwa na shida, maana magari hawamiliki ila kupanda wanapanda. Tulikuta uani gari refu la kijivu lisilo na madirisha. Ndani yake kulikuwa na mabenchi. Waamishi hawajengi makanisa. Ibada ni kila baada ya wiki mbili, nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, na mabenchi huzunguka na zamu. Jumapili hii ilikuwa ya kwao, kwa hiyo wanawake walikuwa wanafua mapazia, wanasugua sakafu, wanaoka pai za matufaha makavu. Pilika zile nilizijua. Ni za kwetu, siku moja kabla ya harusi.

Bibi wa nyumba anaishi kwenye kijumba kilichoungana na nyumba kubwa, wanakiita Daadihaus, nyumba ya babu. Mtu akishazeeka anamwachia mwanawe shamba na kuhamia hapo, hatua tano kutoka jiko la mkwewe. Waamishi wanaitana kwa majina ya kwanza, hata mtoto kwa mzee. Mimi nilishindwa kabisa kumwita mama wa miaka sabini na kitu kwa jina lake. Nikamwita Mammi, kama wajukuu wake. Akatabasamu, akanivutia kiti: "Kumm rei, hock dich hie." Ingia, keti hapa. Kwetu tunasema "Donji, bed piny." Maneno mawili ya mlangoni, kwa uzito uleule.

Tulipewa viazi vilivyopondwa na kumiminiwa siagi iliyounguzwa kidogo mpaka ikawa na rangi ya asali, tambi nene za mayai, na achari ya mboga mchanganyiko yenye sukari wanayoiita chow-chow. Kabla ya kula, kimya. Hakuna anayeomba kwa sauti. Kichwa cha baba kikiinuka, mikono inaenda kwenye mabakuli.

Mtoto wa miaka minne hivi alinishika kidole akanipeleka uani. Kiingereza hajui hata neno. Watoto wa Waamishi hukutana nacho hasa wanapoanza shule, na darasani mwalimu hufundisha kwa Kiingereza. Nyumbani ni Deitsch tu. Akanyoosha mkono kuelekea banda na kupaza sauti: "Guck! Guck!" Nikatazama, kuku. Nikamjibu, "Ndiyo, kuku!" Akacheka mpaka akakaa chini, akarudia, "Guck!" Nami: "Kuku!" Dada yake wa miaka kumi ndiye aliyekuja kutuokoa. Guck maana yake ni tazama. Kuku ni Hinkel. Mtoto alikuwa ananiambia nitazame, nami namtajia nilichokiona, na kila mmoja alikuwa sahihi.

Huyo dada akanifundisha mengine: farasi ni Gaul, kiazi ni Grummbeer. Nikamuuliza aendako Jumatatu. "In die Schul." Nikamwambia kwetu nasi tunakwenda shule, na neno hilo tulilipata kwa watu wa damu ya mababu zake. Alilisema mara tatu, shule, shule, shule, akakimbia kumwambia mama yake.

Mammi alinionyesha kitabu cha nyimbo cha kesho, kidogo, kinene, kimefungwa kwa ngozi: Ausbund. Nyimbo zake za kwanza zilitungwa na Waanabaptisti, wahenga wa imani ya Waamishi na Wamennonite, waliokuwa gerezani Passau, Ujerumani, katika karne ya 16. Hakina noti; tuni zinapokezwa kwa sikio, na wimbo wa pili wa kila ibada, wa kumsifu Mungu Baba, unaweza kuchukua dakika ishirini. Lakini maandishi yake si Deitsch, ni Kijerumani cha kitabuni, kama Biblia ya Luther. Kwa hiyo hawa wakulima wanaoacha shule baada ya darasa la nane wana lugha tatu, na kila moja ina kiti chake. Nilimuuliza Mammi, kupitia kwa mkwewe, kama hawaogopi Deitsch itapotea. Swali lilimshangaza. Akajibu, na mkwewe akatafsiri: "Kiingereza ni cha kuongea na nyinyi. Hiki ni cha mezani."

Waamishi wa Marekani na Canada sasa ni watu wapatao 400,000, na hesabu yao huongezeka maradufu kila miaka ishirini hivi. Hakuna wizara inayowasaidia, hakuna redio wala mtihani wa taifa. Kuna meza tu.

Kuhusu picha: usiwapige. Kwao picha ya sura ni kujikweza. Nilimwachia Mzee simu garini ili nisishawishike. Na ukipita njiani uyatambue magari ya farasi: ya Waamishi wa Lancaster yana paa la kijivu, meusi ni ya Wamennonite wa mfumo wa kale, ambao nao wanaongea Deitsch. Hao hupanda baiskeli. Waamishi wa hapa husukuma kiskuta kwa mguu.

Njiani kurudi Mzee akauliza, "Watoto wako wanajua Kijaluo?" Ninao watatu, Dar, baba yao Mpare. Nikasema wanajua chiemo na erokamano, yaani chakula na asante. Mimi na dada yangu tunakiongea kwenye simu tukiwa na mambo ya pesa, ili watoto wasielewe. Nilipomaliza sentensi hiyo nikaisikia. Yeye pia aliisikia, ila hakusema kitu, akawasha taa maana giza lilikuwa linaingia.

Jumapili, 13 Oktoba

Ibada kanisani kwa wazee, Kiingereza, watu wema, chai nyepesi. Mchana nililala. Jumapili wilayani humu usitarajie kununua kitu kwa Mwamishi, hata yai.

Jumatatu, 14 Oktoba. Berks, na makaburi

Asubuhi nilijaribu kwenda mjini peke yangu kwa basi. Nilikuwa na noti ya dola 20 tu, na mashine ya basi hairudishi chenji. Nikiwa nimesimama mlangoni, sauti ikatoka kiti cha pili: "Mama, uko mutu wa Tanzania?" Alikuwa mama kutoka Uvira, Kongo. Alinijua kwa kanga niliyojifunga kichwani. Akanilipia, akakataa kurudishiwa. Wakongo ni wengi Lancaster. Mji huu umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na Kiswahili utakisikia kwenye foleni za maduka. Wanawe wawili walimjibu kwa Kiingereza kila alipowasemesha. "Nabasemesha tu," akaniambia, "hata wakijibu yao." (Beba sarafu na noti za dola moja. Usitegemee kukutana na mama huyu.)

Mchana tulikwenda wilaya ya Berks, kama saa moja na robo kaskazini-mashariki, upande wa Kutztown. Huko maghala yana nyota kubwa zilizochorwa kwa duara, nyekundu, njano, buluu. Si ya Waamishi. Ni ya Walutheri na Wareformed, ambao zamani ndio waliokuwa wengi wa wasemaji wa Deitsch, wengi mno kuliko Waamishi. Walikuwa na magazeti, mashairi, michezo ya kuigiza. Hawakukatazwa na dini yao kununua gari wala kwenda sekondari wala kuoa mbali, na lugha ikawatoka kidogo kidogo. Vita viwili vya dunia vilipofanya Kijerumani kuwa lugha ya adui, wazazi wengi wakaona aibu kuwarithisha watoto.

Tulisimama kwenye kanisa moja la mawe kijijini, nikazunguka makaburini. Mawe ya zamani yameandikwa kwa herufi zile zenye mikia, "Hier ruhet", hapa amepumzika. Unatembea hatua ishirini, jina la ukoo ni lilelile, lakini jiwe la mtoto limeandikwa kwa Kiingereza. Nilirudi nikatembea tena. Hatua ishirini. Moss, ule ukungu wa kijani wa mawe yenye unyevu, ilikuwa imejaa ndani ya herufi za babu, Mzee akaichokoa kwa ufunguo wa gari mpaka neno likasomeka.

Kwenye mkahawa wa kijijini (supu ya kuku na mahindi, dola 7, bakuli la watu wawili) kulikuwa na nakala ya gazeti la Deitsch, Hiwwe wie Driwwe, maana yake huku kama kule, ng'ambo hii na ile. Linachapisha habari na hadithi za watu wa Pennsylvania na wa Pfalz, ambao bado wanaelewana kwa sehemu kubwa baada ya miaka mia tatu. Mzee alivaa miwani akalisoma polepole kwa sauti, akikwama, akirudi. Mama Nesi aliacha kijiko chake mezani akawa anamwangalia tu.

Jumanne, 15 Oktoba. Kurudi

Safari hii soko lilikuwa limejaa. Nilinunua chupa mbili za chow-chow na pai moja ya molasi kwa jumla ya dola 23. Dada Mwamishi aliyeniuzia nilimwambia "Denki", akainua kichwa haraka kunitazama, kisha akaniongezea vitumbua vyao viwili kwenye mfuko bila kusema neno. (Chupa za achari zifunge kwenye nguo ndani ya sanduku la kukabidhi; mkononi utanyang'anywa uwanjani.)

Kwa wanaouliza gharama: malazi sikulipa, na najua hiyo ni bahati. Treni kwenda na kurudi, chakula cha nje, soko na zawadi, nilitumia dola 118.

Stesheni, Mama Nesi alinikumbatia akalia kwa ajili ya mama yangu. Mzee alinipa mkono: "Oriti, nyara." Nami nilikuwa nimejifunza neno langu kwa yule binti wa miaka kumi. Nikamwambia, "Machs gut." Alifungua mdomo, akaufunga. Treni ilikuwa inaingia. Kisha likamtoka, taratibu, kama mtu anayevuta kitu kutoka uvunguni: "Du aa." Nawe pia. Mama Nesi aligeuka akaniambia kwamba hivyo ndivyo mama mkwe wake alivyokuwa akijibu mlangoni.

Dar es Salaam

Mzigo ulifika salama. Mwanangu mdogo alifungua chupa ya chow-chow, akanusa, akauliza kwa Kiswahili ni nini hiki. Nikamjibu kwa Kijaluo. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani sikumsikia. Nikavuta kiti, nikamwambia "bed piny," nikamjibu tena kwa Kijaluo.